Kengele Iliyotundikwa Juu

Mama huyu hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti atakalia nusu yake, nusu ya pili anaiachia safari. Chai anainywa kasimama, simu anaongea akizunguka meza, na hata akienda kuwapa pole wafiwa, wenzake wakiwa wameshika tama sebuleni, yeye utamkuta uani anasugua masufuria ya watu. Kazini walimpa jina la Mama Hatulii. Akalipokea bila kununa, maana kununa nako kunataka mtu atulie.

Alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha kuchapa vyuma. Ndiyo, kuchapa, usinitolee macho. Mashine ina sanduku, na ndani ya sanduku unatandazwa unga wa chuma, laini kuliko unga wa ngano. Mwanga mkali unapita juu yake na kuuyeyusha pale panapotakiwa tu. Linatandazwa tabaka jingine, mwanga unapita tena, na tena, mchana kutwa na usiku kucha, na kesho yake mtu anafungua mlango anatoa kipande cha pampu kilichokamilika. Chumba cha pili wanafanya hivyo hivyo kwa plastiki, na wa huko kila siku wanalalamika harufu na kuumwa vichwa. Wa chumba cha chuma hawakuwa na harufu ya kulalamikia, wakajiona wamebahatika.

Mama Hatulii aliingia pale kama mfagizi. Wiki ya pili akamkuta mhandisi mmoja, msomi kweli, anafagia unga uliomwagika kwa ufagio mkavu, vumbi juu. Akampokonya ule ufagio. "Wewe mwanangu, umechoka kuishi? Hujaambiwa vumbi hili likipaa likakutana na cheche linalipuka?" Yeye mwenyewe alikuwa amesoma hilo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, karatasi ambayo wasomi walikuwa wanaipita kila siku. Tangu hapo akapewa chumba cha unga. Akawa anachekecha uliobaki, anaujaza kwenye madumu, anapangusa kwa kitambaa chenye maji, kavaa suti nyeupe na barakoa yenye vichujio viwili mashavuni. Na mdomo wake haukupumzika. Wewe, nawa mikono kabla ya kula. Wewe, simu iache kwenye sanduku getini. Wewe, hizo nguo za kazi unampelekea nani nyumbani, mtoto wako avute chuma?

Mume wa mdogo wake alipoachishwa kazi gereji, ni yeye aliyemwandama meneja asubuhi na jioni hadi meneja akasalimu amri. Basi yule bwana akaajiriwa fundi wa mashine. Na kwa kuwa Mama Hatulii alikuwa anamwita Shemeji kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, kiwanda kizima nacho kikamwita Shemeji, mpaka mlinzi wa getini, mpaka wateja. Mtu mpole, mcheshi, halijibu jambo bila kulitilia mzaha.

Sasa tuje kwenye kengele, maana ndiyo iliyomtia mama wa watu matatani.

Mashine kubwa kuliko zote ilikuwa na chumba chake peke yake. Ilisimama kando ya shimo la kina cha kifua cha mtu, na humo ndimo yalimopita mabomba na vichujio. Chuma kisishike moto kikiyeyuka, sanduku la mashine hujazwa gesi inayoitwa argoni. Argoni haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Kosa lake ni moja tu, kwamba inakaa mahali pa hewa. Ikivuja, mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinajaa, na hana habari kwamba alichojaza si hewa. Pumzi mbili tatu, kalala. Ndiyo maana ukutani palifungwa kengele ya kupima hewa, kisanduku cha rangi ya njano chenye taa ya kijani. Waliokifunga walikifunga chini, usawa wa goti, karibu na ukingo wa shimo.

"Usawa wa goti!" Mama Hatulii alikuwa hachoki kulisema hilo. "Kengele ya watu wazima, inawekwa usawa wa goti? Ya kulindia kuku?" Kila kitoroli cha madumu kilipopita kiliigonga, na ikigongwa tu inalia, kilio cha kupasua masikio, na hakuna aliyejua inazimwaje, mpaka ichoke yenyewe. Msimamizi anatoka ofisini anafoka, mhandisi anaziba masikio, kazi inasimama. Ikigongwa mara moja Mama Hatulii anavumilia. Mara ya pili anaguna. Siku ilipogongwa mara nne kabla ya saa sita, alimwomba Shemeji bisibisi, akaweka ngazi, akaing'oa na kuitundika juu kabisa, juu ya mlango, ambako hakuna kitoroli kitakachoifikia. Akaipangusa vumbi pia.

Shemeji alikuwa kamshikia ngazi. "Shemeji," akamwambia, "ukimaliza hapo nitundike na mimi, nipate kulala." Mama akaangua kicheko huko huko juu.

Msimamizi akapita, akausikiliza ule ukimya, akatabasamu. "Leo mama umetuokoa," akasema. Jamani! Watu wazima wote wale, na vyeti vyao ukutani, hakuna aliyeuliza kwa nini ile kengele ilikuwa chini tangu mwanzo.

Na si kwamba hawakufundishwa. Miezi miwili nyuma alikuja mwalimu wa usalama, akaeleza yote tangu vumbi hadi gesi. Lakini utamweka Mama Hatulii kwenye kiti saa tatu nzima? Aliinuka kuongeza viti, akaenda kumletea mwalimu maji, akarudi, akaenda tena kutafuta bilauri safi. Habari ya kengele na goti ikapita yuko jikoni. Alichokisikia vizuri ni kimoja, kwa sababu wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na trei mkononi. Mwalimu alikuwa anasema, "Ukimwona mwenzako kaanguka shimoni, usimfuate. Shimo la gesi linaua wawili. Wa kwanza ni aliyeingia kwa sababu ya kazi. Wa pili ni aliyempenda wa kwanza."

Maneno hayo yalimwingia. Mwalimu aliwaonyesha pia mkanda wa kuvaa kifuani na mabegani, na kamba inayotoka mgongoni, inapita kwenye roda, kigurudumu kilichofungwa juu ya shimo, hadi kwenye winchi ya kuzungusha kwa mkono nje ya mlango. Anayeshuka shimoni avae mkanda, na mtu asimame kwenye winchi mpaka atoke. Wakampa nani kazi ya kusimama? Mama Hatulii. Alisimama, lakini huku anaipaka winchi mafuta, anaipangusa, anaimba, anamgombeza aliye chini.

"Shemeji, kamba!"

"Shemeji, kwani mimi mbuzi?"

"Mbuzi ana akili, hakatai kamba. Funga!"

Ikawa ndiyo salamu yao.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yake ya kupumzika, na kupumzika kulimtesa kuliko kazi. Saa mbili asubuhi alishafika kwa mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba, eti kumsaidia kufua. Kufikia saa nne alikuwa amefua nguo zote chafu, kisha akafua na safi. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, anamcheka.

"Dada, hilo pazia nimelifua juzi."

"Juzi si leo."

Akaja mwuza gesi kubadilisha mtungi jikoni, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi. Alipomaliza kufunga mpira, Mama Hatulii akanyoosha shingo, akanusa hewani, akanusa tena. "Sisikii kitu. Haivuji."

Mwuza gesi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama, huko juu unanusa nini? Gesi hii nzito. Ikivuja inashuka, inatandaa sakafuni kama maji. Ukitaka kuijua, inama." Naye akainama, akapaka maji ya sabuni pale mpira unapoungana na mtungi, akaangalia kama yanatoa mapovu.

"Gesi zote ziko hivyo?" Aliuliza ili kuuliza tu. Tayari alikuwa anatafuta kitambaa cha kupangusia jiko.

"Siyo zote. Ila hii, na ile ya wachomeleaji wa alumini. Kaka yangu anachomelea, ananiambia. Wanaiita argoni. Nayo inalala chini vivyo hivyo. Kengele yao hata hawaifungi juu, wanaifunga hapa." Akapiga goti lake kwa kiganja.

Kitambaa kikamponyoka mama. Aliliona lile goti la mwuza gesi, akaiona ngazi, akajiona mwenyewe juu ya ngazi na bisibisi mkononi, mdomo wazi kwa kicheko.

"Mumeo yuko wapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Si kazini? Alisema leo mashine imezimwa, anashuka kubadilisha vichujio. Dada, una nini? Mbona umebadilika?"

"Nimesahau kitu kazini," akasema, na hakudanganya. Akatoka na aproni iliyolowa maji na ndala miguuni, na mlango akauacha wazi.

Njiani akapiga simu ya Shemeji. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Kisha akakumbuka iko wapi: ndani ya sanduku la getini, imefungwa kwa kufuli, na aliyewazoesha watu kuziacha humo kwa kelele za kila siku ni yeye. Akampigia mlinzi, hapatikani. Akasimamisha pikipiki, akapanda kabla dereva hajataja bei.

"Kimbiza, baba. Kuna mtu anakufa."

"Hospitali gani?"

"Bado hajafa! Kiwandani!"

Yule dereva hakuuliza tena. Barabara nzima mama alikuwa anajitukana. Mjinga mimi, mikono yangu hii haiwezi kuacha kitu mahali pake. Nilimtafutia kazi mimi, nikamtafutia na kifo. Taa nyekundu ikawasimamisha, akataka kushuka akimbie kwa miguu, dereva akamshika aproni.

Getini mlinzi alikuwa na kikombe cha chai. Alipomwona akatabasamu, akakumbuka kazi yake. "Mama, leo si zamu yako. Halafu ndala haziruhusiwi, si umetufundisha mwenyewe?"

"Nani yuko na Shemeji kule shimoni?"

"Hakuna mtu. Amesema ni kazi ya dakika tano tu."

"Ameingia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimetoka kumfungulia, hata hii chai haijapoa."

"Weka kikombe chini, nifuate!" Na kwa vile mlinzi alichelewa kukiweka, akamvuta kwa mkono wa shati, chai ikamwagika yote.

Chumba cha mashine kilikuwa kimya. Juu ya mlango ile kengele ilikuwa inawaka kijani, haina wasiwasi wowote. Na kule shimoni kilionekana kichwa cha Shemeji, kimeegemea bomba, kama mtu anayesikiliza jambo lililo ndani yake.

"Shemeji!"

Kimya.

"Shemeji, kamba!"

Mtu huyu hakuwahi hata siku moja kuacha kulijibu neno hilo. Mama akajikuta mguu mmoja ushavuka kizingiti. Hatua sita tu na anamshika. Angejitupa, wallahi, mwili wote ulikuwa unataka kwenda. Ndipo akamkumbuka mwalimu, na zaidi ya mwalimu akamkumbuka mdogo wake kwenye mkeka, miguu kainyoosha, anasubiri watu wawili warudi. Akaurudisha mguu. Maishani mwake amebeba ndoo, magunia, wagonjwa na maiti, lakini hajawahi kubeba kitu kizito kama mguu ule.

"Wee mama, si tumtoe!" Mlinzi alikuwa anampita.

Akamsukuma kifuani mpaka mlinzi akagonga ukuta. "Ukiingia nitakutoa na nini? Bonyeza feni! Kile kitufe cha kijani hapa mlangoni! Ukishabonyeza, kafunge valvu ya gesi hapo nje!"

Na hapo ndipo alipoiona. Kamba. Ilikuwa imepanda kutoka mgongoni kwa Shemeji, imepita kwenye roda, imekuja mpaka kwenye winchi. Alijifunga. Peke yake, bila mtu wa kumshikia, bila mtu wa kumgombeza, kwa kuogopa tu mdomo wa shemeji yake ambaye hata hakuwepo.

Akaudaka mkono wa winchi, akazungusha. Kamba ikakaza. Mlinzi akarudi mbio wakazungusha pamoja, chuma kikamchuna mama kiganja na yeye hata hakuhisi. Likaja bega. Kikaja kifua. Yakaja mabuti, yakatoka shimoni yakining'inia. Wakamvuta mpaka roda ikagoma, Shemeji akawa ananing'inia katikati ya chumba, kichwa kimelala kifuani, juu karibu sawa na ile kengele. Huko juu hewa ilikuwa nzuri. Kengele haikuwa imesema uongo.

"Tukamchukue sasa," mlinzi akasema.

"Bado. Sakafuni bado. Subiri feni imalize kazi. Kimbia upige simu ya gari la wagonjwa."

Akabaki peke yake na mkono wa winchi. Winchi ina breki yake, mkono ungeweza kuuachia, lakini hakuiamini. Akausimamia. Mlinzi anasimulia mpaka leo kwamba aliporudi alimkuta mama hajasogea hata kidole, hapangusi kitu, haimbi, macho yamemtoka, anakitazama kifua cha yule mtu kama kitainuka. Mlinzi anasema alitishika zaidi kumwona ametulia vile kuliko kumwona Shemeji.

Kisha Shemeji akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu aliyepaliwa na maji. Akakohoa tena, akatapika juu ya mabuti yake, na mama akaanza kulia kwa sauti, mkono bado uko kwenye winchi.

Saa tisa alasiri walikuwa hospitalini. Daktari alisema dakika mbili zaidi angekuwa anaongea habari nyingine. Shemeji alikuwa kalala na barakoa ya oksijeni, uso umemvimba, lakini macho yake ni yale yale. Mkewe alikuwa amekaa kitandani pembeni yake, kamshika vidole, na kila baada ya muda anamgeukia dada yake na kumshukuru. "Dada, usingetokea... Dada, Mungu akulipe." Kila shukrani ilimchoma mama kama sindano. Aliinuka, akanyoosha shuka, akakaa, akainuka, akasogeza jagi la maji, akakaa. Kwenye kiti chake alikuwa ametundika mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemuuliza una nini.

Alipoinuka mara ya nne, mfuko ukaanguka sakafuni. Kilio kikapasua wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaketi. Muuguzi akatokea mlangoni anakimbia.

"Ni nini hicho?" mdogo wake akauliza, kaziba sikio moja.

Mama akakitoa kile kisanduku cha njano. Walipokuwa wanamtoa Shemeji kwa machela, alikuwa amepanda juu ya kiti akaking'oa kwa mikono, na kipande cha ukuta kikaja nacho. Hakujua anakipeleka wapi, ila hakuweza kukiacha pale.

"Ndiyo kengele ya gesi," akasema.

"Mbona inalia? Si mmesema haikulia?"

"Gesi inakaa chini. Hii ilikuwa imetundikwa juu."

Mdogo wake akamtazama yeye, akamtazama mumewe. "Nani aliitundika juu?"

Shemeji akasogeza barakoa. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Mimi," akasema. "Ilikuwa inanipigia kelele, nikaihamisha." Akamwangalia shemeji yake kwa yale macho yake ya mzaha, na mama akaelewa kwamba anapewa mlango wa kutokea. Angenyamaza tu. Mdogo wake angeendelea kumshukuru mpaka uzeeni.

"Mwongo huyo," akasema. "Yeye alishika ngazi. Aliyeihamisha ni mimi, mdogo wangu. Mimi, kwa mikono yangu hii, na nikacheka."

Kisanduku kilikuwa kinaendelea kulia. Muuguzi alikuwa anapiga kelele kwamba kizimwe, kizimwe sasa hivi, hapa ni hospitali, na mama alikuwa anakibonyeza huku na huku kwa kiganja kilichochunika, anatafuta kitufe asichowahi kukijua, damu inachora njia kwenye plastiki ya njano. Mdogo wake akanyoosha mkono, akamnyang'anya. Akakipakata juu ya tumbo lake kwa muda, akikisoma kama barua. Hakumwangalia dada yake. Kisha akainama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, akakiweka chini sakafuni, miguuni mwa kitanda.

"Iache ilie," akasema.